Soko Uliloniuliza

Dada yangu mpenzi,

Naamini barua hii itakukuta mgongo umetulia kidogo, na shemeji na watoto hawajambo. Huku tu wazima. Mama anakula, analala na kulalamika kama kawaida, kwa hiyo usimhofie. Mjomba aliyekuja kwa siku mbili bado yupo, na kiti cha dirishani sasa ni mali yake.

Najua umengoja jibu hadi umechoka. Ningeweza kupiga simu, lakini ungenikatiza, na mimi nikikatizwa husema nusu tu ya ninachofikiri. Tangu daktari akukataze kuinamia cherehani kutwa nzima, umekuwa ukiwaza lile soko la mtandaoni ambapo mtu hutangaza bidhaa za wengine, na kila mteja anayepitia kwenye linki yake akanunua, yeye hupata kamisheni. Ulisema hutaki maelezo, unataka neno moja. Nikisema ndiyo, utauza cherehani na kuanza. Nikisema hapana, utarudi kushona, mgongo upende usipende. Neno hilo limeninyima raha.

Nilikosea kulitaja jambo hili mezani. Mjomba alisema hiyo ni biashara ya hewa, na kwamba kitu usichoweza kukipiga teke si bidhaa. Mama alisema ni wizi mtupu, akaondoa sahani kabla hatujamaliza kula.

Unajua kazi yangu: kutwa nasoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji, nikiwinda makosa ya watu, hadi mkanibandika jina la profesa. Soko lako nililisoma kwa jicho hilohilo. Nilitafuta kiingilio, sikukiona. Nikatafuta kama wanalipa mtu kwa kuleta watu wengine, maana hapo ndipo wengi hulizwa. Hawalipi. Wanalipa kwa kilichouzwa tu, na baada ya muda wa mteja kukirudisha kupita. Nikapiga simu yao nikitegemea iite hadi ikatike. Akapokea mwanamke mwenye mafua, akanijibu kila swali, na nilipomuuliza kama mgeni anaweza kutajirika upesi alicheka hadi akakohoa. Akasema wengi hukaa muda mrefu bila kuuza hata kijiko. Nilimpenda hapohapo, nikazidi kumshuku.

Si kila kilichomo ni safi. Nimeona humo mkanda unaodaiwa kuyeyusha kitambi mtu akiwa amelala. Kwa hiyo niliamua kujaribu kwa kitu tunachokijua. Nilijiandikisha, nikachagua mkasi wa fundi kama ule wako, nikaandika yale unayousifia kila siku, nikaeleza wazi kwamba mtu akinunua nami napata chochote, nikaweka linki kwenye status ya simu yangu, ambapo jamaa zetu wote wanaona.

Siku chache baadaye mkasi mmoja ukanunuliwa. Nilikuwa kazini, nikaenda kufurahia chooni, maana msimamizi wetu hapendi furaha ya saa za kazi. Kesho yake kamisheni ikafutwa. Damu ilinichemka. Nilikuandikia barua nzima ya hapana, kali kweli, na iliandikika kwa urahisi wa ajabu.

Kabla ya kuituma nilimpigia yule mwenye mafua nimpe vipande vyake. Alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia, kisha akasema, “Dada, mkasi huo unaletwa nyumbani kwako. Anayenunua akiwa nyumba moja na mwenye linki hahesabiwi. Iko kwenye masharti.” Nikauliza kamisheni hiyo imebaki kwa nani. Akasema imerudi kwa mwenye mikasi, akanipa namba yake nimuulize mwenyewe. Nilimuuliza. Imerudi. Na sharti nimeliona, limeandikwa waziwazi. Niliuruka mstari huo kwa sababu haikunipitia akilini kwamba mtu wa nyumba hii angenunua.

Jioni hiyo nilimkuta mama jikoni, anakata mboga kwa mkasi wa fundi.

Nilimuuliza imekuwaje, na yeye ndiye aliyesema ni wizi. Akasema, “Nilitaka mkasi.” Halafu akanipa mgongo, akaongeza taratibu, “Nilitaka dada yako aone kwamba watu wananunua.” Kisha akaniapisha nisikwambie. Nimevunja kiapo, na nitajua la kumjibu.

Ila kuna jambo zito zaidi ninalopaswa kukuambia. Nilipomwona pale na mkasi wake, niligundua kwamba mimi sikuwa nikilichunguza soko. Nilikuwa nikiomba nikute wezi. “Hapana” haina gharama kwangu: ungerudi kushona, ukiumia tungeulaumu mgongo. Neno “ndiyo” ndilo lingenifunga, kwa sababu ukishindwa ungeshindwa kwa neno langu. Mama anaogopa kuliko mimi, lakini alitanguliza mfuko wake. Mimi nilijali ngozi yangu tu.

Basi jibu langu ni ndiyo. Wanaweza kuaminika kwa anayeanza, ilimradi asome masharti yote na asisifie asichokijua. Lakini cherehani usiiuze. Soko lisilodai kiingilio halikudai uuze chochote, simu uliyonayo inatosha. Mkodishie yule binti uliyemfundisha kushona, ashone yeye, wewe uandike kuhusu mikasi, nyuzi na sindano. Miezi ya mwanzo itakuwa mikavu. Ikiwa mikavu mno, nilaumu mimi, nimekubali.

Wabusu watoto, mpe shemeji salamu zangu nyingi, na usiinue ndoo. Mjomba anakusalimu na bado hajaona cha kupiga teke. Mama amepita hapa nikiandika, akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali kabisa, kama utaanza Jumatatu.

Mdogo wako akupendaye,
Profesa wa nyumbani