Salamu Yangu kwa Sauti Yako

Nyumbani kwa Mama Faith,
Ilembo,
Mpanda.

15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Angela,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Habari za Dar, habari za joto, na shemeji Optatus anaendeleaje? Kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepona? Acha maji ya baridi. Nilikukataza tangu tukiwa watoto, na sasa koo lako ndilo shamba lako.

Sisi huku wazima. Baridi ya Juni imeingia, asubuhi tunajifunika mpaka kichwani, na vumbi ndiyo usiseme. Kijijini kwetu Usevya wameshavuna mpunga. Bibi Skolastika miguu inamsumbua, ila anakula vizuri na rozari anasali bila kusinzia.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati WhatsApp ninayo kama watu wengine. Kwenye simu utanishinda, Angela. Mimi nikikasirika sauti inapanda, wewe ungeniambia "dada, tulia" kwa hiyo sauti yako laini, ningetulia kweli, halafu ningejuta wiki nzima. Kwa hiyo nimeandika, na barua nampa Cletus, dereva wetu wa basi la Dar, akukabidhi mkononi.

Nisikuzungushe. Nina wivu na wewe. Jirani yangu ana kanga imeandikwa wivu ni kidonda, kila akiianika kwenye kamba naona ananisema mimi.

Mwezi wa tatu bosi wetu Onesphore, huyu mtoto wa marehemu mzee Lyamba, alileta mashine ya kupokea simu pale ofisi ya mabasi. Abiria akipiga hanipati mimi tena, anaipata mashine kwanza: tiketi bonyeza moja, vifurushi bonyeza mbili. Hakuna aliyeniambia nani amerekodi. Nikatoka nje, nikapiga kwa simu yangu nijaribu. Nikasikia, "Lyamba Safari, karibu sana. Kumekucha salama huko mliko?"

Angela! Nilikaa kwenye gunia la mchele la mtu. Sauti ilikuwa yako na salamu ilikuwa yangu.

Ile salamu hakunifundisha mtu. Niliitunga mwenyewe nilipoanza kazi, maana niliona watu wanapiga simu wana hofu, mgonjwa yuko ndani ya basi, mzigo haujafika, na ukiwauliza kwanza kumekuchaje wanapumua. Wewe uliisikia ukiwa unasubiri matokeo ya kidato cha nne, umekaa kwenye kiti changu, unatafuna karanga zangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe nilikuazima. Na kazi ulijua ni ya Lyamba, jina si umelitaja mwenyewe kwa mdomo wako? Ungenipigia tu: dada, usishtuke, utanisikia. Basi.

Halafu hiyo mashine yenu inauliza kumekucha hata saa mbili usiku. Hapo nilicheka, siwezi kukuficha.

Kuna mama mmoja anauza nyanya sokoni, akanishika mkono akaniambia, "Dada Eufrazia, siku hizi una sauti tamu, umeacha kufoka." Eti nimeacha kufoka! Nikamwambia asante. Nilisema asante kwa sifa zako, nikarudi nyumbani bila nyanya.

Na mambo yako ya kazini usidhani nimeyasahau, uliyasimulia Krismasi mpaka wali ukapoa. Kwamba kituo chenu cha huduma kwa wateja mko ukumbi mzima, kila mtu na vile vya kuvaa masikioni, kiyoyozi, bima, posho ya usiku na gari la kukurudisha mpaka mlangoni. Na hizo sauti unazorekodi wanakulipa mbali. Mimi mshahara wangu unakuja vipande vipande, basi likihitaji matairi mimi nangoja. Gari langu la usiku ni miguu hii hii, kutoka ofisini Shanwe mpaka nyumbani Ilembo. Tumelelewa nyumba moja, tumelalia mkeka mmoja, na kazi ni moja, kupokea simu. Niambie basi mimi nilikosea wapi.

Zamani tulikuwa maopereta wawili pale, mimi na Jeniffer. Jeniffer alisoma alama za nyakati mapema, akafungua kibanda cha uwakala wa pesa, sasa amepaka ukuta rangi na ameota mashavu. Alinishauri tutoke wote. Mimi nikabaki, nikisema watu hawataacha kupiga simu. Kweli hawajaacha. Wanapiga kuliko zamani, ila wanakusikiliza wewe.

Kilichonishikilia pale ni wazee wa kwetu Mpimbwe. Wale hawabonyezi kitu. Mashine ikisema karibu wanasema ahsante, ikisema bonyeza moja wanauliza watoto hawajambo, na ikikosa jibu inawaleta mezani kwangu, nami nawasikiliza kwa Kipimbwe. Kwa ajili yao Onesphore bado ananiachia kiti.

Ndipo Jumatatu ukaniandikia. "Dada, nirekodie yale maneno ya mashine kwa Kipimbwe, wanayataka haraka, mimi nimesahau." Ukaweka na kale kakatuni kanakocheka machozi. Kisukuma wamepata mtu wa Mwanza, na wewe umejisifu huko kuwa Mpimbwe halisi, sasa umekwama. Jumanne Onesphore akaniita, akaniambia wazee wakishawekewa lugha yao ile meza itatolewa, pale patakaa mizani ya vifurushi, na mimi nitaangaliziwa la kufanya. Unajua mtu akikwambia utaangaliziwa maana yake nini. Labda wewe hukujua. Sasa umejua.

Lakini hata hilo silo lililonikata maini.

Bibi alikuwa ananipigia mimi kila Jumapili akitoka misa. Mjomba Makarius anambonyezea namba ya ofisi kwenye kitochi chake, tunaongea kidogo, ananibariki, basi wiki yangu inakwenda. Ilikuwa yangu hiyo, Angela, katika vitu vichache nilivyokuwa navyo. Siku ya kwanza alipokusikia, mjomba anasema alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa. Anaamini umerudi, umekaa na mimi pale pale ofisini. Anakuitikia salamu, anakueleza miguu, anakuuliza utakuja lini kumwona. Wewe unamjibu vifurushi bonyeza mbili. Anangoja, anauliza tena. Mashine ikimleta kwangu nasema shikamoo bibi, naye ananijibu, "Toka hapo, mpishe mwenzako, nilikuwa naongea na Angela."

Nimemweleza kwamba ile ni mashine, mjomba naye amemweleza. Anasema, "Mashine gani ina koo la marehemu mama yake?" Na ni kweli. Mama mdogo, mama yako, alikuwa anaongea hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyebaki karibu na bibi miaka yote hii, namnunulia dawa, nampeleka kliniki ya macho, na sina sauti ya mtu yeyote anayemlilia. Sasa anapiga hadi siku za kazi, mjomba analalamikia vocha, na kila mara ni wewe anayekutafuta.

Basi jibu langu ni hili. Sikurekodii hata neno moja. Unune, umwambie shemeji dada yako ana roho mbaya, sawa tu.

Hicho Kipimbwe ulichokisahau kipo Usevya, kinywani mwa bibi. Panda basi la Cletus, kaa naye jikoni, muulize neno moja moja kama tulivyokuwa tunamuuliza tukichambua mchele. Atakufundisha yote, na kwa furaha atakufundisha na ambayo hayahitajiki. Yabebe uyapeleke Dar. Najua ukishayapeleka meza yangu inatolewa siku hiyo hiyo, nami nitakwenda kumbembeleza Jeniffer anipe pembe ya kibanda. Nimeshafikiria, nimelia, nimemaliza. Ila bure huyapati. Bibi akuone kwanza, akushike uso, ajue yule wa kwenye simu ni nani.

Jeniffer anakusalimia, anauliza vitenge ulivyomwahidi. Mjomba Makarius anakusalimia pia, anaomba vocha. Msalimie sana shemeji Optatus, mwambie tunamkumbuka. Mungu akutunze wewe na koo lako, akuongoze njia nzima, na basi lisiharibike porini.

Usichelewe. Bibi ameshakutengea jogoo, yule mwekundu, amemfunga kamba mguuni ili asipotee kabla hujafika. Mimi naenda Usevya kila mwezi na sijawahi kuchinjiwa hata kifaranga. Na siku ukija atanituma mimi nimshike huyo jogoo miguu akichinjwa, nami nitamshika.

Wako akupendaye, pamoja na wivu wangu wote,
Dada yako,
Eufrazia