Rangi ya Maji

Jumatatu, 9 Agosti 1976

Daftari hili naanza leo, na naapa nitaandika kila kitu, hata cha aibu. Nimefagia. Nimechota maji. Nimempelekea Mama uji kitandani, amekunywa nusu. Miguu yake imevimba. Nikiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mkunga amemkataza kusimama mpaka siku yake ifike, na bado miezi miwili.

Baada yangu walizaliwa wawili. Mmoja aliishi siku nne. Wa pili hakufungua macho. Mimi nina miaka kumi na minne na niko peke yangu. Huyu naye asipokaa, sijui Mama atakuwaje. Sitaki kujua.

Baba amepata ruhusa kwa mkubwa wa nyumba za reli tupake rangi kile chumba kidogo, kiwe cha mtoto. Waliokaa hapa kabla yetu walikifanya jiko. Kuta ni nyeusi kwa moshi. Baba ni gadi wa treni ya mizigo ya Taveta na hatarudi hadi Jumamosi. Kazi ni yangu.

Jumanne, 10 Agosti

Mwalimu wetu wa Sayansi ya Nyumbani alitufundisha kwamba chumba cha mtoto mchanga kipakwe rangi iliyopoa, macho yake yapumzike. Nyekundu humsumbua. Nyeupe tupu huumiza jua likiingia. Nimesoma tena yale niliyoandika darasani. Nimefikiria ganda la yai la kienyeji. Nimefikiria maziwa yaliyotiwa chai kidogo sana.

Nimemwuliza Mama. Alikuwa anaumwa kichwa, macho amefumba. Akasema, "Iwe rangi ya maji, Wakesho. Usilete nyingine." Kisha akageukia ukutani. Sikumsumbua tena.

Nyanya ametuma maneno kutoka Werugha: haifai kumtengenezea chumba mtu ambaye hajafika. Mama amelia. Mimi nimekasirika. Na nimeogopa kidogo.

Jumatano, 11 Agosti

Maji yana rangi gani? Nimejiuliza asubuhi yote. Ya mfereji hayana. Ya mtoni, mvua ikinyesha, ni matope. Halafu nikakumbuka Ziwa Chala. Tulipelekwa na shule mwaka jana. Katikati maji yana giza, lakini pale ukingoni, juu ya mawe, si buluu wala kijani. Yametulia tu. Hiyo ndiyo.

Dukani nilijieleza kwa Kiswahili safi. Nilisema, "Nataka rangi inayofanana na maji, ya chumba cha mtoto." Wanaume waliokalia mifuko ya saruji walicheka. Mmoja akaniuliza, maji ya wapi, dada, maana ya Voi ni rangi ya chai. Mwenye duka naye alicheka, lakini alifungua mikebe mmoja mmoja na kunidondoshea tone juu ya gazeti. Wa nne ulikaribia. Akautia nyeupe, akakoroga, akatia tena, mpaka nikasema basi. Akasema hii itamlaza hata mzee mwenye madeni.

Nimerudi nikikimbia. Nimefurahi. Naandika kwa sababu ni kweli: nimefurahi.

Alhamisi, 12 Agosti

Kuta mbili. Rangi inanata na brashi ni nzito. Harufu ni kali, inakaa kooni. Dirisha la chumba kile limekwama tangu tuhamie. Ukuta kati yake na chumba cha Mama haufiki bati, juu ni wazi. Nadhani rangi zote hunuka hivyo.

Mama aliita mara moja akauliza ni nini kinachonuka. Nikamwambia ni rangi ya maji, ile aliyotaka. Akasema haya.

Ananiamini.

Ijumaa, 13 Agosti

Nilimaliza saa nne. Saa sita Mama alitapika. Nikadhani ni uji. Saa nane macho yakamgeuka, mwili ukatetemeka hata kitanda kikagonga ukuta. Nikapiga kelele.

Bi Zuhura, jirani yetu, mtu wa pwani, alikuja mbio. Alimlaza Mama ubavu na kumfuta mdomo. Akamtuma mtu stesheni kuomba gari. Mtetemeko ulipokwisha akasimama kwenye mlango wa chumba kidogo, kanga puani. Akaniuliza nimepaka nini humu. Nikasema rangi ya maji. Akagusa ukuta kwa kidole, akakinusa.

"Hii ya mafuta, mwanangu," akasema taratibu. "Rangi ya maji ni ile ikorogwayo kwa maji, haina harufu. Mamako alikutajia namna yake, hakukutajia rangi."

Gari la reli limempandisha Mama hospitali ya milimani. Bi Zuhura ameenda naye. Mimi nimeachiwa nyumba. Kucha zangu zote zina rangi ile.

Jumamosi, 14 Agosti

Baba amefika asubuhi. Ameingia chumbani, ametazama kuta, ametoka. Amepanda milimani na nguo zilezile za kazi.

Nimekwangua kwa kisu. Haitoki. Nimesugua kwa mafuta ya taa. Haitoki. Nimepoteza ngozi ya vidole viwili.

Kosa langu nalijua. Ningemwambia mwenye duka maneno ya Mama kama alivyoyasema, rangi ya maji, angenipa bila kuuliza. Mtoto yeyote asiyesoma angeyasema hivyo. Mimi niliyanyoosha.

Nimeua. Sijui kama nimeua.

Jumapili, 15 Agosti

Sikwenda kanisani. Hakuna habari.

Jumatatu, 16 Agosti

Baba amerudi. Mtoto alizaliwa Jumamosi jioni. Msichana. Urefu wake ni kutoka kiganja cha Baba hadi kiwiko. Wamemweka ndani ya sanduku lenye pamba na chupa za maji moto. Hawezi kunyonya, anadondoshewa maziwa. Mama yu hai, ila haongei.

Baba anasema muuguzi amesema ni presha, ile miguu ilikuwa inatangaza tangu zamani, rangi haihusiki. Nimemwuliza kama ni muuguzi aliyesema hivyo au ni yeye. Akasema ni muuguzi. Alikuwa anafungua kamba za viatu, hakuinua uso.

Simwamini. Nataka sana kumwamini.

Nyanya ameshuka kutoka Werugha, analala pale hospitali. Amesema mtoto asipewe jina kwanza.

Jumatano, 18 Agosti

Nimepika, sikula. Bi Zuhura amenifunga vidole kitambaa. Aliniambia wanawake wengi wamezaa katika nyumba zinazonuka vibaya kuliko hii. Nimelia mbele yake. Nimeona aibu.

Alhamisi, 19 Agosti

Baba amebandua dirisha kwa patasi. Limefunguka. Upepo unaingia na harufu imepungua.

Lori la kabeji linalotoka Werugha limeshusha mzigo sokoni. Linapanda saa tisa, linapita pale hospitali, na kesho linashuka tena. Dereva amekubali kubeba barua. Baba ameniambia nimwandikie Mama, lakini nisimwulize habari za mtoto. Jana alipopanda kumwona, watu watatu walimwuliza, akafunika uso kwa shuka.

Nimechana karatasi mbili zilizouliza habari za mtoto. Ya tatu nimeiacha. Nainakili hapa.

"Mama, shikamoo. Sisi hatujambo. Nyumba ni safi. Baba anakula. Rangi niliyopaka siyo uliyotaka, Bi Zuhura amenieleza. Nisamehe, sikukuuliza vizuri. Baba atasugua kuta kwa msasa na tutapaka upya, sasa kwa rangi ya maji, dirisha likiwa wazi. Sitaki kukisia tena. Tafadhali mwambie Nyanya anijibu kwa lori hilihili likishuka kesho. Neno moja linatosha. Ulitaka rangi gani?"