Aproni Iliyoraruka Kifuani

Nakuru,
11 Februari 2024

Kwa Mama,

Chamgei, Mama. Kabla sijakuuliza hali, nisamehe kwa kukaa hivi bila kukuandikia. Ni mwaka mzima tangu nitoke Boito bila kukuaga, na kila Jumapili bwanangu Kipchirchir akikupigia simu nasikia sauti yako nikiwa jikoni, nanyamaza kama mwizi wa sukari. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza Chepngeno aliimwagia uji, ya pili nililala kalamu ikiwa mkononi, hizo zingine mbili niliogopa tu. Simu sikutaka. Wewe ungekata, na mimi pia naujua mdomo wangu.

Haya, goti linaendeleaje? Yule ng'ombe mweupe alizaa? Sisi tuko salama. Mjukuu wako Chepngeno ana meno manane na anatembea, akianguka anaangalia kwanza kama kuna mtu ameona ndipo alie. Kijana wako bado yuko kwa kazi ya mbao. Mimi nafanya kwa studio ya mtu, napiga picha za pasipoti kutwa nzima mtoto akiwa mgongoni, jioni nafua. Nimechoka, Mama, lakini sikuandika ili nilie uchovu.

Nimeandika kwa sababu kuna chuo cha sanaa Nairobi kinachofundisha shahada ya pili ya upigaji picha. Wanachukua watu wanane, na mmoja kati yao chuo kitamsomesha chenyewe. Nimeamua kuomba hiyo nafasi moja, na hii digrii yangu ya ualimu ambayo haijawahi kuniona darasani. Wanataka picha ishirini, na kila mtu anayeonekana kwenye picha aweke sahihi kwamba amekubali. Mwisho ni tarehe thelathini Aprili.

Kompyuta iliyokuwa na picha zangu iliharibika. Zilizobaki ni zile nilizozitoa kwa karatasi, ziko kwa sanduku la bati chini ya kitanda chetu hapo kwako. Na ile ya kwanza, ile inayobeba zingine zote, unaijua. Uko katikati ya majani ya chai, ukungu nyuma, kikapu mgongoni, umeshika kichipukizi kwa vidole viwili na unaniangalia kama mtu anayetaka kuniuliza kitu.

Niliitundika dirishani kwa kibanda changu cha picha pale Roret bila kukuuliza. Ukapita na kina mama wa kanisa ukajiona mbele ya soko lote, na aproni iliyoraruka kifuani. Hilo lilikuwa kosa langu, na nilipaswa kukuomba msamaha siku ile ile. Badala yake ulipofoka nikafoka pia, nikafunga mtoto nikamfuata bwanangu Nakuru.

Lakini kuipiga haikuwa kosa. Kwa hilo siombi msamaha.

Naomba sanduku, na sahihi yako. Karatasi iko ndani ya bahasha.

Mkwe wako,
Syprose


Boito,
27 Februari 2024

Kwa Bot Chepngeno,

Chamgei. Barua yako nimepata, mama Chepngeno. Goti ni la baridi tu. Ng'ombe alizaa dume, kwa hivyo hakuna habari hapo. Jua limechoma, majani ni kidogo, tunachuma mara moja kwa wiki mbili. Hiyo ya mtoto kutembea nimeisoma mara mbili, halafu nikaenda kukata nyasi.

Sasa neno lako. Sitaweka sahihi.

Wewe ulikulia kwa nyumba za estate ya chai. Baba yako Ogada alikuwa mtu mzuri wa kiwanda, hata sisi tulimpenda, lakini kule watu wanahama, leo jirani ni huyu kesho ni yule. Mimi nitazikwa hapa hapa. Dorcus alisimama mbele ya dirisha lako akasema, "Rodah, kumbe siku hizi mkwe wako anauza matambara?" Wakacheka mpaka Nyambeki akashika ukuta. Mimi nikiwa na kitambaa cha kanisa kichwani, na mbele yangu mimi mwingine, kama maskini wa kuombewa.

Mtu akipigwa picha anaoga, anajipaka mafuta, anavaa nguo ya kanisa, anasimama wima. Mama yangu ana picha moja tu duniani. Alitembea mpaka Kericho kupigwa hiyo, na viatu alivyovaa aliazima. Unafikiri kikapu hakuwa nacho?

Lakini mimi si jiwe. Nimeenda kwa Clifford hapo Roret akanipiga picha mpya. Iko ndani. Nimevaa suti ya kijani ya kikundi cha akina mama, na nyuma kuna ndege ya kuchora. Peleka hiyo chuoni. Sanduku sijafungua na sitafungua.

Mtoto ananyonya bado? Mpe mboga.

Mama Kipchirchir


Nakuru,
6 Machi 2024

Kwa Mama,

Chamgei mising. Picha ya Clifford imefika, na umependeza sana, hata hiyo ndege imekupisha. Chepngeno ameibusu mpaka imepata alama ya uji. Ananyonya usiku tu, na mboga anakula, usijali.

Lakini siwezi kuipeleka, Mama. Wanataka picha nilizopiga mimi, si za Clifford.

Kipchirchir alipoona nimekasirika akasema, "Si uandike tu sahihi ya mama, nani atajua?" Nikamwambia, mama yako atajua, hata akiwa Boito amelala. Afadhali niombe bila ile picha na nikose, kuliko niibe mkono wako.

Umenieleza ya mama yako, acha nami nikueleze ya wangu. Alichuma majani ya estate miaka kumi na tisa. Alipofariki tulitafuta picha tukapata ya kitambulisho. Uso tu, mbele ya ukuta. Nikifunga macho najaribu kuona alivyokuwa anafunga aproni, alivyokuwa anageuza shingo kikapu kikijaa, naona ukuta ule. Miaka kumi na tisa ya kazi, na hakuna hata siku moja iliyobaki. Asubuhi ile nilipokuona katikati ya majani, nilikimbia kuchukua kamera kama mtu anayeokoa nguo mvua ikinyesha. Sikuona tambara. Aproni sikuiona kabisa mpaka Dorcus alipoisema.

Nakuomba kitu kimoja. Fungua sanduku. Iangalie ukiwa peke yako, bila Dorcus. Ukiiangalia na bado useme hapana, basi ni hapana, na sitauliza tena, wala sitaacha kukuita Mama.

Mkwe wako,
Syprose


Boito,
22 Machi 2024

Kwa Bot Chepngeno,

Chamgei. Mvua imekuja, asante Mungu, na majani yamefumuka kama wazimu.

Ulisema niangalie bila Dorcus. Mimi nikafanya kinyume. Nilijua nikiiangalia peke yangu utanishinda, kwa hivyo nikabeba sanduku lote mpaka kituo cha majani ili wale wanawake wanisaidie kukataa. Lori lilikuwa limekwama kwa matope huko chini. Tulikuwa tumekaa na magunia yetu, karani anapiga miayo. Nikamwaga picha zako juu ya meza ya kuchambulia majani, nikasema, "Haya, angalieni vile huyu msichana alitufanya."

Sasa wewe unajua sisi. Mtu akimwaga kitu kwa ile meza, mikono yetu haiulizi, inaanza kuchambua. Majani mawili na kichipukizi, yale mazuri, huku, majani magumu chini. Kabla sijamaliza kuongea, Nyambeki alikuwa ametupa zile za harusi. "Hii ni ngumu. Hii pia ni ngumu, angalia hata bibi arusi amekauka." Zile za machweo ya jua, chini. Ile ya mjumbe wa kanisa akikata keki, chini. Mimi napiga kelele, "Ngojeni!" na hakuna anayengoja.

Halafu Dorcus akashika ile yangu. Akaigeuza kwa mwanga. Nikasema moyoni, sasa atacheka. Akasema, "Rodah, hapa ni siku ile ya mvua ya mawe, siku ulinisaidia kumaliza mistari yangu kwa sababu nilikuwa na homa." Nikamwambia ni siku hiyo. Akasema, "Aproni iliraruka ukivuka mtaro kuja kunisaidia." Nikamwambia hata mimi nilikuwa nimesahau. Akaiweka kwa kikapu, si chini. Akasema, "Hii ndiyo majani mawili na kichipukizi." Halafu akapenga kamasi akasema ni baridi.

Zimebaki kumi na tisa. Kumi na tisa, nimehesabu, na wote tuliomo tumeweka sahihi kwa kalamu ya karani. Nyambeki anauliza kama huko chuoni kuna mwanamume mjane.

Yangu pia nimeweka. Lakini sikiliza, mimi bado sijasema uongo kuhusu nguo ya kanisa. Hao walimu hawatanijua kwa aproni peke yake. Umesema lazima upige wewe. Basi njoo Pasaka, na mtoto, unipige na suti ya kijani, nikisimama wima. Hiyo ndiyo itakuwa ya ishirini. Hakuna hiyo, hakuna ile.

Kitanda chenu nimetandika.

Kogo wa Chepngeno, nyanya yake


Nairobi,
15 Septemba 2024

Kwa Mama,

Chamgei mising, Mama. Natumaini goti limetulia na lile dume mmeliuza au linawala nyinyi. Siku ile nilipopiga simu kusema nimepata ile nafasi moja, ulipiga vigelegele nikashindwa kumaliza, halafu simu ikaenda kwa Dorcus, ikaenda kwa Nyambeki, ikaisha chaji kwa karani. Na tulipokuja kuaga mkatupokea na maziwa ya mursik barabarani kama tumeshinda mbio. Mimi sijawahi kukimbia popote, ila kukimbilia kamera. Kongoi, asanteni.

Kwa hivyo hujawahi kusikia vile ilikuwa kwa mahojiano, na unapaswa kujua, kwa sababu uliyepita ni wewe.

Walikuwa watatu. Mkubwa wao ni mzee anaitwa Profesa Bogonko, mtu wa maneno machache. Alipitia zote ishirini moja moja. Halafu akazitoa mbili, ile ya aproni na ile ya Pasaka, akaziweka pamoja. Akauliza, "Hawa ni ndugu?"

Nikasema, "Ni mtu mmoja. Ni mama mkwe wangu."

Mwalimu wa kike akasema hiyo ya suti ni ya kawaida, watu wote wanapigwa hivyo, kwa nini nimeileta? Nikataka kusema ulinilazimisha. Lakini mzee akaweka kidole juu ya picha akasema, "Angalia mikono." Unakumbuka ulivyoficha vidole chini ya Biblia, Mama? Kidole gumba kilibaki nje. Cheusi cha utomvu wa majani, ule ambao hautoki hata kwa sabuni ya mawe. Kwa ile ya aproni umeshika kichipukizi kwa kidole hicho hicho. Mimi niliyepiga zote mbili sikuwa nimeona.

Akaniuliza, "Sasa yupi ndiye mama mkwe wako?"

Nikamwambia, "Wote wawili. Mimi nilikuwa namjua mmoja. Huyu wa pili aliniita nyumbani nije nimpige."

Akacheka, akaandika kitu. Wiki tatu baadaye barua ikaja.

Sasa niko hapa. Wenzangu wana kamera za kutisha, na wengine wanaongea maneno ambayo naandika pembeni nikayatafute. Siogopi. Mtoto analelewa na jirani hadi saa kumi, Kipchirchir amepata kazi ya mbao Kikuyu, mimi nasoma nikinyonyesha na nalala nikisoma. Tarehe kumi na mbili Oktoba wanafunzi wapya tunatundika picha ukutani, watu wanakuja kuona. Zako mbili zitakaa pamoja, urefu wa mlango. Safari hii nimekuuliza, na umekubali mbele ya mashahidi.

Nilivyobakiza kuhitaji ni hivi, utume kwa ofisi ya vifurushi ya Roret:

Ule ufito wako wa kulaza juu ya majani ili uchume usawa mmoja, ule uliolainika kwa mikono.

Mursik, kibuyu kimoja kidogo. Chepngeno ameyakataa maziwa ya huku, anayatema akiniangalia machoni.

Majina kamili ya kina mama wote, vile wanataka yaandikwe chini ya picha. Mwambie Dorcus nitaandika "Mwenyekiti wa Kikundi".

Suti ya kijani usitume. Hiyo utakuja ukiwa umeivaa.

Na aproni ile, naomba niitundike kando ya picha zako. Usiifue. Najua umeshaishona, nakujua. Fumua, Mama.

Mtoto wako,
Syprose