Upanga Juu ya Upanga

Salamanca, 14 Septemba 1935

Kaka Leandro,

Salamu zikufikie huko Buenos Aires. Milozi imezaa sana, na Mama amekufungia kikapu.

Jumapili nilipigana na fahali uwanjani, kwa miguu, si juu ya farasi, mbele ya mji mzima. Tangu wanawake waruhusiwe tena mwaka jana, nimekuwa nikiingoja siku hiyo. Baba, pamoja na ubingwa wake wote wa zamani wa kupigana na fahali, aliapa hatakuja. "Babu yako alifia kwenye mchanga wa uwanja ule," alisema. "Si mahali pa binti yangu."

Nilipoingia, mwanamume mmoja akapaza sauti, "Dada, rudi ukapike dengu!"

Nikamjibu, "Nimeshapika, kaka. Nenda kale, zisije zikapoa."

Watu wakacheka. Fahali alipokuja, nilimpitisha mara nne kwa kitambaa chekundu. Mara ya tano pembe ikanichana gotini. Nikainuka. Nikamwendea tena, taratibu, nikamwangusha kwa pigo moja la upanga.

Hapo nikamwona Baba akishuka kutoka safu ya nyuma kabisa. Akanifunga goti kwa mshipi wake. "Mimi ningekimbia," alininong'oneza.

Daktari anasema goti halitakunjika tena, kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza na ya mwisho. Mama bado hatujamwambia. Usinililie, kaka. Jana Baba aliutundika upanga wangu sebuleni, juu ya ule wa babu na juu ya wake.

Ni mimi dada yako, mpigana na fahali,
Obdulia