Kundi la Asali

Kigwa,
Jumapili jioni

Mpendwa dada Theodora,

Shikamoo. Mwangaluka. Natumai goti limepoa na watoto hawajambo. Huku tu wazima, mume wangu Masolwa anakusalimu sana. Mvua imetubania, lakini mtama umekaza.

Utashangaa kupata barua na simu zipo. Nimeshakupigia tangu lile shindano la pombe, ukipokea nakuuliza habari za mbuzi. Kwenye simu mdomo wangu mwongo, dada. Nimeona niandike.

Shemeji Anton amenieleza kwamba umeacha kupika pombe. Anasema kimea umewapa nguruwe, na chungu cha chachu ukakiosha kwa maji ya moto. Chachu ya marehemu mama. Anasema unajilaumu, eti umepika tangu usichana halafu ukashindwa kujua pombe yako mwenyewe ni ya kundi gani.

Makundi yalikuwa mawili pale Tabora mjini, pombe za nafaka na pombe za asali. Yako ni ya mtama, ila siku ya mwisho unaitia asali kidogo kuvunja ukali, kama alivyofanya mama. Ukanituma nikuulizie, maana mimi nilikuwa nakwenda mjini. Nikarudi nikakwambia asali ikishaingia tu, hilo ni kundi la asali. Majaji wakaionja, wakaisifu, kisha wakasema hapo si mahali pake, wakaiweka kando. Kwenye nafaka nikashinda mimi, tena kwa chachu uliyonigawia wewe yangu ilipokufa. Akina mama wa Igalula walipoanza kuninong'ona, ukawaambia mdogo wako hana kosa, naye hakujua.

Dada, nilijua. Yule mama mwandikishaji alinieleza vizuri kabisa kwamba wanaangalia kilichoumua pombe, asali ya juu ni ya kukoleza ladha tu. Nilielewa. Kwenye treni nikawaza, yako na yangu zikikaa meza moja, nani ataigusa yangu? Tangu zamani wageni wakifika kwetu wanauliza ya Theodora iko wapi. Nilitaka siku moja waulize ya Kalunde. Ni wivu, dada, sina jina jingine la kuupa.

Nilikwenda kwa waandaaji nikawaambia ukweli. Wamesema shindano limekwisha, ushindi ubaki. Basi umebaki, wala siujivunii.

Sikuombi unisamehe upesi. Ila chachu ya mama sasa iko kwangu tu, kwa mimi niliyekudanganya. Naipa unga wa mtama kila wiki, bado inachemka. Kuingia uani kwako naona haya, na kumpa mtu mwingine aibebe siwezi. Njoo uichukue kwa mkono wako.

Wasalimie watoto, na shemeji mwambie nashukuru kwa kunieleza.

Ukifika nitakuamkia. Usipoitikia, chukua chungu chako uende.

Mdogo wako,
Kalunde