Sponji ya Inchi Moja

Jumatano, 26 Februari

Daftari hili ni la vipimo vya makochi. Mbele kuna migongo na mikono ya makochi ya watu wa Mbweni na Kipawa. Mie naanzia nyuma, maana hakuna anayesoma nyuma ya daftari la fundi.

Leo limenifika. Kochi la krimu la watu wa Mbweni nilimaliza kulivalisha saa nne asubuhi. Nikalikalia. Kila kochi nalikalia kabla halijatoka, miaka kumi na tisa hapa Keko sijawahi kuacha. Kasiani, seremala ninayeshirikiana naye karakana, alikuwa anapiga msasa mbao ya mninga, hatua tatu tu kutoka nilipo. Vumbi. Chafya. Mkojo.

Si tone. Doa la ukubwa wa sahani.

Nikasema nimemwaga chai. Kasiani akaangalia kochi, akaangalia meza, akarudi kwenye msasa wake. Kikombe hakikuwepo popote. Nimelivua kochi lote, nimekata kava jipya, nimeshona hadi saa kumi. Nina miaka hamsini na mbili. Nimezaa wanne, wa mwisho kilo nne na nusu, na sijawahi kuona aibu kama ya leo.

Ilianza mwaka juzi. Nikikohoa, nikinyanyua fremu. Siku hizi hata nikisikia bomba linatiririka.

Ijumaa, 28 Februari

Kununua pedi dukani kwa Cyprian siwezi. Mwanamke ambaye damu imekatika miaka miwili, pedi za nini? Cyprian hajui kama imekatika, lakini mie najua.

Nimejishonea. Sponji ya inchi moja, ile ngumu ya viti vya mezani, nimeikata kwa umbo. Juu kitambaa cha pamba, chini reksini, ile ngozi bandia ya makochi, isipitishe. Mishono miwili pembeni. Nimetengeneza tano. Fundi ni fundi!

Nimeshinda nayo. Chafya nne, nguo kavu. Kutembea tu ndiyo kama bata.

Ramadhani inaanza kesho au keshokutwa. Mchana hakuna maji – afadhali. Kisichoingia hakitoki.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa kwanza. Jioni tarawehe. Mie na jirani yangu Rukaiya tuna nafasi yetu upande wa wanawake, safu ya mbele, chini ya feni ya kushoto, tangu wanetu wananyonya. Rakaa ya sita, nainuka kutoka kwenye sijda – nikasikia joto. Sponji ilikunywa yote, nguo kavu. Lakini udhu je? Udhu hauangalii nguo. Nikatoka, nikapenya kwenye safu za watu.

Rukaiya akanifuata kwenye viatu. Kulikoni? Nikasema nimeingia kwenye siku zangu. Ulimi ulitangulia, akili ikafuata. Akanitazama toka juu hadi chini, akasema mwenzangu bado unazo, zake zilikatika ana arobaini na nane. Kwa wivu kabisa. Nami, Mungu anisamehe, nikajisikia vizuri kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Uongo una kazi nyingi. Aliye kwenye siku zake hafungi, kwa hiyo saa saba mchana Rukaiya kaniletea karakana chapati mbili na maharage ya nazi. Kasema nile nimejificha nyuma ya makochi, damu inataka chakula. Nami nimefunga!

Nikangoja aondoke nimpe Kasiani. Kasiani ni Mkatoliki wa Masasi, nikajua atakula. Kumbe leo ni Jumatano ya Majivu. Ana jivu kwenye paji la uso, naye kafunga. Tukabaki tunaziangalia chapati. Akauliza mbona nisile mwenyewe, si Rukaiya kasema sijafunga? Nikasema nimeshiba. Chapati zimeishia kwa kuku wa mama ntilie.

Siku hizi Kasiani anapigia msasa kule nje, ng'ambo ya rundo la mbao, juani. Nadhani anakimbia kelele za cherehani yangu.

Nyumbani naswali peke yangu, na shaka. Swala moja narudia mara tatu. Msikitini siendi.

Jumatatu, 10 Machi

Nawashwa. Sponji ikifuliwa haikauki upesi. Naanika nyuma ya kabati asije mtu akaiona, asubuhi navaa mbichi. Ngozi imechubuka mapajani. Mkojo unachoma na umekuwa rangi ya chai ya rangi. Daku nakunywa nusu kikombe tu, kwa makusudi.

Rukaiya kauliza kama nimetwahirika. Nikasema bado. Akahesabu kwa vidole, siku ya tisa. Akakunja uso.

Jumamosi, 15 Machi

Rukaiya kaingia chumbani kwangu akafunga mlango. Kasema ni siku kumi na nne. Zote kazihesabu.

Akanikumbusha dada yake wa Kipawa. Damu zilimrudia ana hamsini na tano, wakamtania kwamba ujana umerudi, wakangoja. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi. Hawakufunga naye Ramadhani nyingine. Rukaiya kalia – mtu aliyemzika mume wake bila kutoa sauti. Kasema mie hanisubirishi. Jumatatu kituo cha afya, bajaji kashaiambia.

Nimemliza mwenzangu kwa ugonjwa ambao haupo, ili mie nisitamke neno moja. Neno lenyewe watoto wa chekechea wanalisema wakinyoosha mkono.

Jumatatu, 17 Machi

Nitaandika yote.

Bajaji ilisimama nje saa mbili. Rukaiya kashika mkoba wangu na wake. Nikamwambia hapo hapo mlangoni.

"Rukaiya, sina damu. Ni mkojo. Unanitoka, siwezi kuuzuia."

Bajaji inanguruma.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Na mfungo?"

"Nimefunga yote."

"Na chapati zangu?"

Nikamwambia habari za kuku.

Alikasirika, sijapata kumwona hivyo. Hakupaza sauti. Kasema kanisomea Yasini siku tatu mfululizo. Kasema nimemfukulia dada yake kaburini kwa uongo. Nikamwomba anisamehe. Nikadhani atageuka aende kwake. Akaniambia nipande, ugonjwa ni ugonjwa. Njia nzima alitazama nje.

Dirishani dada wa mapokezi kauliza shida nini. Nyuma yangu foleni ya watu kama kumi. Nikasema tumbo. Rukaiya akadakia kwa sauti ya kuuzia samaki: "Mkojo unamtoka. Mwandikie hivyo."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Dada akaandika. Kijana wa nyuma yangu hakuinua hata macho kwenye simu. Mama mmoja kwenye benchi akasogea, akasema nikae huku kwake, choo kiko karibu. Basi. Miaka miwili nimeiogopa siku hiyo, nayo ilichukua muda wa mtu kusogea kwenye benchi.

Nesi anaitwa Kokushubila, Mhaya, kwa umri naweza kumzaa. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Kapima mkojo: UTI. Kaangalia ngozi: fangasi. Akaomba kuona ninachovaa. Nikampa moja safi niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Akaigeuza mbele na nyuma, akavuta uzi kwa kucha.

"Hii umeshona mwenyewe, mama? Mshono mzuri. Ila hii ni ya kochi. Wewe si mbao."

Kasema kanga kaziona, nepi za watoto kaziona, sponji ya kiti ndiyo mara ya kwanza. Inakunywa lakini inabaki mbichi, nami nimeikalia wiki mbili na zaidi. Kisha maji. Ukiyakimbia, mkojo unakuwa mkali, kibofu kinakasirika, unakimbilia chooni zaidi. Kwa hiyo kisichoingia kinatoka vilevile.

Kanifundisha kubana. Kama unavyojizuia kujamba mbele ya wakwe, ndivyo alivyosema, na Rukaiya alikohoa kuficha kicheko halafu akakumbuka kwamba kanuna. Bana, hesabu tano, achia, hesabu tano. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Chafya ikija, kubana kwanza, chafya baadaye. Si siku moja wala mbili, miezi mitatu. Isiposaidia kuna daktari, kuna njia nyingine.

Kauliza kwa nini sikuja mapema. Nikasema nilidhani ni uzee. Kasema ana wagonjwa wa miaka ishirini na tano. Na kazi kanipa: niandike kila ninachokunywa, kila ninapokwenda chooni, kila inapovuja. Nikamwambia daftari ninalo.

Rukaiya aliuliza swali moja tu: swala yangu. Nesi kasema hilo halijui, tukaulize kwa wanaojua.

Jumanne, 18 Machi

Futari hadi daku: maji vikombe sita. Chooni mara tano. Kuvuja mara moja, kikohozi. Dawa moja futari, moja daku.

Pedi nimenunua. Cyprian kazifunga kwenye gazeti, kanipa, kaendelea kumpimia mteja kilo ya sukari.

Jioni Rukaiya kaja. Kasimama mlangoni, hakuketi. Kaenda kuuliza mwenyewe kwa ustadhati wa madrasa. Jibu: mwenye udhuru ajisafishe, avae pedi, atawadhe wakati wa swala ukishaingia, aswali. Kitakachotoka baada ya hapo kwa udhuru huo hakimharibii. Alilitoa jibu kama mtu anayeleta barua, akaondoka.

Hukumu ilikuwepo siku zote. Mie ndiye sikuuliza.

Ijumaa, 21 Machi

Nabana nikishona. Pindo moja la mto, mibano mitatu. Nani atajua?

Nimemwambia Kasiani. Kwa kifupi, nikiwa nimeinamia cherehani. Hakushangaa.

"Nilijua haikuwa chai, dada Mwajabu. Ndiyo maana msasa nikauhamisha."

Wiki tatu! Juani, na Kwaresma yake, ili vumbi lisinifikie. Nami nilidhani ni kelele. Nikasimama nyuma ya makochi nikalia kidogo, kisha nikamwambia arudi kivulini. Kasema tutaona nesi atasemaje.

Chafya mbili leo. Moja kavu.

Jumapili, 23 Machi

Isha imeadhiniwa. Nimejisafisha, nimevaa, nimetawadha. Mara ya kwanza kurudi tangu mfungo wa kwanza. Pedi nimeikagua mara tatu, sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Rukaiya kaingia. Sikumwita. Kaushusha mswala wangu wa msikitini kutoka juu ya kabati, ulikolala wiki tatu, anaukung'uta hapa hapa chumbani. Nimemwambia nimalize mstari huu. Kauliza tukae safu gani, ya nyuma karibu na mlango? Kauliza taratibu, si kwa kunisema.

Nimesema ya mbele. Chini ya feni.

Vumbi la mswala limenijaa puani. Nimebana. Nimepiga chafya. Nyingine tena.

Sijui. Sijaangalia. Rukaiya kasimama na mswala mkononi, ananitazama, anauliza naandika nini tena, vikombe? Anacheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Huko msikitini wanakimu swala. Naenda hivi hivi –