Pete ya Chini ya Boti

Kisangani, Machi 1968

Yaya Fatouma, dada yangu mkubwa mpendwa,

Assalam alaikum, wewe, shemeji Waziri, na huyo mfalme mdogo Jafari ambaye huku hatujamwona hata unywele. Umeamkaje? Homa ya shemeji imepoa? Sisi, alhamdulillahi, tunakula na tunalala, na risasi tunazisikia tu katika mazungumzo ya walevi. Mama ni mzima, isipokuwa nyonga yake ile ile na ulimi wake ule ule.

Salamu zako nilizipata kwa yule mvuvi wa Barumbu. Unauliza mambo mawili: mama atakuja lini Isangi kumwona mjukuu, na kinu chake kitaletwa lini, maana kinu cha mama ni cha binti wa kwanza na wewe umechoka kutwangia pondu, majani yetu ya muhogo, katika kinu cha kuazima. Nitayajibu yote mawili, lakini nivumilie. Unanijua, nikitumwa maji napitia sokoni.

Tangu vita viishe, mji huu umekuwa shule ya vyuma. Hakitupwi kitu. Aluminiamu ya malori yaliyoungua imekuwa sufuria, springi zimekuwa mapanga, matairi yamekuwa viatu, na maganda ya risasi yamekuwa bangili mikononi mwa mke wangu Kadidja. Karakana yetu haina nafasi ya kupumua. Nami nikavimba kichwa, nikadhani hakuna kitu nisichoweza kukitengeneza.

Boti ya Papa Kasongo ilikuwa imelala ufukweni tangu maasi. Injini nzima, mbao nzima, ila kusine imekwisha. Kusine ni pete nene inayoushika mhimili wa pangaboi pale unapotokea majini. Ile ya zamani ilikuwa ya shaba nyeusi kutoka Ulaya, na mchanga wa mto ulikuwa umeila. Papa Kasongo aliahidi kwamba siku boti itakapotembea, mama atawekewa kiti karibu na injini hadi mlangoni kwako. Kwa pirogi, mtumbwi wa kukaa chini, asingeweza. Nyonga ile haikunjiki. Na usiku mama alikuwa akimwambia Kadidja kwamba anaogopa kufa bila kumbeba Jafari. Hilo liliniuma, yaya.

Nikayeyusha maganda ya risasi, nikamimina pete inayong'aa kama dhahabu, nikaita watu waje kuiona. Ilipasuka kabla hatujavuka mto, kwa sababu niliimimina kwa haraka ya kusifiwa na ndani ilijaa mapovu. Tulirudi kwa makasia, na wauza samaki walitucheka hadi wakakaa chini. Nikatengeneza nyingine kwa chuma cha ekseli. Hiyo haikupasuka, ila ilianza kuukwangua mhimili wenyewe. Papa Kasongo alinishika mkono akaniambia kusine ikifa tunatengeneza nyingine, lakini mhimili ukifa, boti imekufa. Nikajifunza kwamba kitu kigumu si lazima kiwe kizuri.

Ndipo nikakumbuka kwamba meli za zamani zilikuwa na pete za mti mgumu mahali hapo. Maji ya mto yenyewe ndiyo yanakuwa mafuta yake. Nikakata mti mgumu msituni, nikauchonga. Ukapasuka, maana mti mbichi ukikauka hupasuka. Nilihitaji mti wa zamani, uliokauka miaka mingi, ulioshiba mafuta ya mawese hadi moyoni. Nilieleza hayo nyumbani jioni, wakati mama anatwanga pondu, na katikati ya maneno nikageuza shingo. Nilikuwa nakitazama kinu.

Mama aliona macho yangu yalipo. Nikakataa kabla hajasema lolote. Nilimwambia kile ni cha Fatouma, na mimi sitaki kesi na dada yangu. Asubuhi nilimkuta kwenye mlango wa karakana, kinu kichwani kwa Kadidja, yeye anachechemea nyuma. Maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema: “Kinu iko ya Fatouma, na Fatouma iko Isangi. Alors, kinu iende kule. Kata, mutoto yangu.”

Nimekikata, yaya. Tako la kinu chako sasa ni pete chini ya boti. Nililia nikikata, sikufichi, na kile kinu kilitoa harufu ya mawese kama jikoni kwetu siku za Idi. Tumekijaribu hadi ng'ambo na kurudi, mara nyingi, na hakikwangui wala hakilii. Wauza samaki wamenyamaza.

Ijumaa baada ya sala tunaondoka. Mama yuko mlangoni ameketi juu ya kiti chake tayari, ingawa leo ni Jumatano. Mchi ameufunga kwa kitenge, haruhusu mtu mwingine aubebe.

Ukikasirika, nikasirikie mimi, si yeye. Ila usikie kwanza ile injini ikikata kona ya mto. Watu husema kutwanga maji kwenye kinu ni kazi bure. Chako kitatwanga maji njia nzima, na kitakuletea mama.

Mbusu Jafari, mwambie shemeji atafute samaki wa kutosha, na Mungu atukutanishe wazima.

Ni mimi mdogo wako mwenye mikono myeusi,

Yakubu